Mkuu, skripti yako ISIPOTEZEE lebo isiyoijua

Simama hapo hapo. Umesema skripti yako ya kuendesha majaribio ya programu itasoma komenti (mistari ya maelezo ambayo programu yenyewe huiruka) za juu ya kila faili ya jaribio, ichukue lebo inazozijua (ipi iendeshwe, ipi irukwe, jibu gani litarajiwe), "na nyingine izipotezee tu". Hicho kipande cha mwisho kimenipandisha presha.

Sisi tulifanya hivyo hivyo. Mfumo wa kukokotoa makato ya mawakala wa pesa, mteja yuko Kariakoo. Kila jaribio lilikuwa na mstari kama huu:

# TARAJI: makato=1500

Skripti inaendesha programu, inalinganisha jibu na namba ile. Sasa kijana mmoja (haya, ni mimi) akaandika TARAJA. Skripti ikatafuta TARAJI, haikuiona, ikaamua faili hii haina jibu linalotarajiwa, kwa hiyo programu ikimaliza bila kuanguka basi imefaulu. Kijani! Na kwa kuwa sote ni mabingwa wa kunakili na kubandika, faili ile ikawa mama wa majaribio yote ya viwango vipya. Ukoo mzima wa TARAJA, wote kijani, hakuna hata mmoja uliokuwa unapima kitu.

Viwango vikaenda hewani Ijumaa jioni. Najua, najua, Ijumaa. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa kinatoa makato sifuri, na watu wa Kariakoo hawahitaji tangazo. Kufika Jumatatu miamala minene yote inapita kwetu bure. Mteja hakutaka hadithi za herufi, alitaka hela yake, ikakatwa kwenye awamu yetu ya mwisho ya malipo, ambayo ndiyo ilikuwa faida yenyewe. Bosi alinipigia akiwa kwenye foleni ya Ubungo. Muda wa kunitukana alikuwa nao.

Aliyetuingiza mkenge ni mtaalamu mmoja wa semina. "Lebo isiyojulikana ipuuzwe, ndiyo mfumo unakuwa nyumbufu." Ada tumelipa, sambusa tumekula, kiyoyozi kinapuliza, tukaandika madaftarini kama watoto wa chekechea. Unyumbufu gani huo? Ni konda anayesikia "shusha" kwa lafudhi asiyoizoea, ananyamaza, unakuja kushtukia uko Gongo la Mboto.

Fanya hivi. Lebo zipe alama yake, tuseme #@, komenti za kawaida zibaki na # tupu. Chochote kinachoanza na #@ na skripti haikijui, faili nzima ihesabiwe imefeli na mstari utajwe. Watu wa kompaila ya Rust (lugha ya kuandikia programu) nao walikuwa wanasoma amri za majaribio kwenye komenti za kawaida za //, mwaka 2024 wakahamia //@, na amri isiyojulikana ikiwa hapo ni kosa. Kama unatumia pytest, kile chombo cha kuendesha majaribio ya Python, ukikosea jina la alama ya jaribio inakupa onyo tu, linazama kwenye maandishi mengine. Washa --strict-markers ndipo inagoma.

Halafu faili isiyo na TARAJI kabisa nayo ifeli, labda mtu aandike wazi #@ BILA-JIBU. Maana hata hiyo #@ utaikosea, utaweka nafasi katikati, itageuka komenti ya kawaida na tutarudi kule kule kwenye kijani cha uongo.

Na uliuliza lebo uziandike kwa YAML (muundo wa kupanga data kwa jina na thamani) au mistari mitupu kama ule wa TARAJI? Yoyote. Test262, majaribio rasmi ya JavaScript, wanaweka YAML kati ya /*--- na ---*/ na maisha yanaenda.

Leo kabla hujalala tengeneza faili moja, andika #@ NDIZI: mzuzu, endesha. Ikitoka kijani, mteja asiione hiyo skripti.