Mwanangu, nionyeshe chini kwanza

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa jikoni mchuzi ukaniungulia, ya pili na mdogo wako akinifafanulia yale maneno ya ufundi, ya tatu peke yangu barazani baada ya isha. Swali lako nimelielewa. Unataka kuhama hiyo nyumba ya kupanga Birmingham uhamie kwenye boti, zile nyembamba za mifereji, na unaniuliza ununue iliyokwisha kutengenezwa ndani, kitanda kipo jiko lipo choo kipo, au ununue bodi tupu ya chuma yenye injini tu, uijaze mwenyewe taratibu na huyo rafiki yako seremala. Nitakujibu. Ila kwanza niambie, hiyo boti iliyokupendeza, chini yake umeiona?

Maana umenitumia picha 14, nimezihesabu. Jiko, vigae vya jikoni, dirisha la mviringo, paa lina sola na vyungu vya maua, na wewe mwenyewe umekaa omo, mbele kabisa, unacheka, mashallah umenenepa kidogo. Ya chini hakuna hata moja. Chombo hununuliwa chini, mwanangu. Ulikua unanisikia nasema hivyo mpaka mkawa mnaniigiza wewe na mdogo wako, na mimi leo nasema tena, chombo hununuliwa chini, hivi vya juu ni vya kupendezea wageni.

Umeandika kwamba mapenzi yako ya boti yalianza ule usiku tulolala kwenye mashua ya babako mtoni Pangani, ng'ambo ya Bweni, wewe umefunikwa tanga. Nilipofika hapo nililia, sikufichi. Ulikuwa na miaka mitano. Mwezi mpevu, maji yamejaa hadi kwenye mikoko, babako amepika wali kwenye jiko la mkaa pale tezi, nyuma ya chombo, na mimi namwangalia tu namna anavyogusa kila kamba kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea. Ulisinzia na kipande cha papa mkononi. Nikamwambia babako, hapa hata tukihamia jumla mi sina neno. Kwa hiyo usiseme mama haelewi. Naelewa kuliko unavyodhani.

Ila kuna jambo sijawahi kukuhadithia lote, umesikia vipande vipande tu.

Ile mashua tuliinunua 1996 kwa bangili zangu mbili za mahari na pesa ya mavuno ya nazi ya misimu miwili. Aliyetuuzia simtaji, ana watoto na hawana kosa. Aliileta maji yakiwa yamejaa, ikaelea pale mbele ya gati imepakwa rangi ya bluu na mstari wa kijani, tanga jipya, foromali ya kushikia tanga imenyooka, akasema ana haraka, ana mgonjwa Tanga, kama tunaitaka tuamue leo. Babako akapanda, akashika mlingoti, akatembea omo akarudi tezi. Akashuka anacheka. Mimi nikapanda, nikaona pamekaa pasafi. Hatukusema tungoje maji yatoke tuione mchangani. Saa sita tu, mwanangu! Maji hutoka yenyewe, hayaombwi wala hayalipwi, na sisi watu wa pwani tuliozaliwa tunayaona yakitoka na kurudi tukashindwa kungoja saa sita.

Safari mbili za kwenda Mkokotoni na nazi zilikwenda salama. Ya tatu wakiwa katikati maji yakaanza kupanda ngamani, tumboni mwa chombo, wakayafua kuyatupa nje usiku kucha, babako na mabaharia wawili, wakatosa nazi karibu zote wakarudi asubuhi macho mekundu. Ikangojwa bamvua, yale maji makubwa yanayotoka mbali, ikalazwa ubavu kwenye tope. Fundi mzee akaja na nyundo na kisu. Akakwangua ile deheni ya shahamu na chokaa iliyopakwa nene, akaanza kugonga. Ko, ko, ko, anasogea, ko, ko, halafu bufu. Ile sauti naisikia mpaka leo. Akachukua kisu akakichomeka pale kikaingia mpaka kwenye mpini, wala hakutumia nguvu. Alipobandua ubao ndani mlikuwa kama sega la nyuki, wale wadudu wa baharini wameshakula miaka, nje rangi inang'aa. Akasema mmeuziwa rangi.

Babako akakaa chini kwenye tope na kanzu yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mbele ya fundi na mbele ya wale mabaharia, bangili zangu umewapa wadudu. Hakunijibu. Siku ile hakunijibu na baadae pia hakuligusa, tuliishi miaka 19 baada ya pale na hakuligusa. Nami nilikuwa nimepanda, nilikuwa nimesema pamekaa pasafi, na sikumwambia hata siku moja kwamba kosa lilikuwa letu sote. Lile benchi la barazani ninalokalia kukuandikia ni ubao wake wa juu, ule mzima. Chini hakikubaki kitu.

Kwa hiyo ule usiku unaoupenda, wewe umelala umefunikwa tanga, chini yako palikuwa pameshaliwa. Sikwambii nikuharibie. Usiku ulikuwa mzuri kweli, mi mwenyewe naurudia kichwani. Lakini yote mawili yalikuwepo, uzuri na uozo, na mtu aliyeko juu anaona moja tu.

Sasa utasema mama, boti za huku ni chuma, hakuna wadudu. Najua, mdogo wako kanionyesha vidio nyingi tu na tumezisimamisha nikauliza. Bamba la chini mara nyingi huwa milimita 10, ubavuni 6, juu 4. Haya, na chuma nacho kina mdudu wake, anaitwa kutu, na anakula toka nje na toka ndani. Nje ndo maana wanaipandisha chelezo, nje ya maji, kila miaka miwili mitatu wakapaka lami upya, na wanachomelea vile vipande vya magnesiamu viliwe vyenyewe kabla ya boti kuliwa, jambo ambalo limenipendeza sana, kafara ya chuma. Na ukichomeka umeme wa gatini bila kile kifaa cha kuukinga mwili wa boti, vile vipande vinaisha upesi na kinachofuata kuliwa ni boti yenyewe. Ndani ndo pananitia wasiwasi zaidi. Maana chini ya sakafu kuna farumi, matofali na vigae vya zege vya kuituliza, na kama bomba limevuja miaka au mvua inaingia dirishani, maji yanakaa hapo chini ya matofali na hakuna anayeyaona, juu umetandika zulia. Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Babu zetu walishasema.

Ndo maana nakwambia usitoe hata senti kabla haijapandishwa juu ikakaguliwa na saveya wa kwako, si wa muuzaji. Wanapima unene wa chuma kwa ultrasaundi, namna ile ile unayowapima wajawazito wako wodini, hatua kwa hatua ubavu wote, na nyundo wanagonga vile vile. Na kampuni za bima mara nyingi hazitaki chuma kipungue milimita 4. Muuzaji akikwambia ana haraka, ana mgonjwa, kuna mteja mwingine kesho, basi mwache huyo mteja wa kesho ainunue.

Hapo utaona jibu langu linaegemea bodi tupu. Maana tupu ina faida hiyo, unaiona ngama yote kabla hujaifunika, unajua kila bomba limepita wapi maana umelipitisha wewe. Nilishaanza kuandika hivyo, nunua tupu. Halafu nikafuta. Nikakumbuka wewe unafanya kazi usiku. Mtu anayetoka wodini saa mbili asubuhi akafike kwenye boti haina kitanda, haina maji ya moto, mbao zimelala njiani, na baridi ya huko ninaijua, nilikuja ule mwezi wa pili nikavaa soksi tatu. Kujaza boti si kununua fanicha. Povu la kuzuia baridi linapulizwa kwanza, tena lisiachwe mwanya, la sivyo kila pumzi yako inageuka maji ukutani na we ulikuwa na pumu utotoni, usijifanye umesahau tulivyokukimbiza hospitali usiku. Kisha nyaya, betri, gesi, tangi, choo. Nina hakika zipo boti nyingi huko zimeishia kwenye povu tu mwenyewe akachoka akauza kwa hasara. Wewe si wa kuchoka, hilo nalijua. Lakini hata babako hakuwa wa kuchoka.

Haya, basi iliyotengenezwa. Ukiichukua, usikubali kuambiwa sakafu haifunguki. Kuna kifuniko cha kuangalia ngama upande wa nyuma, kama hakipo kikatwe. Ingiza mkono. Mkono ukitoka mkavu vizuri, ukitoka na maji uliza yametoka wapi.

Na hilo jiko la kuni na makaa, naliogopa kuliko maji. Huku kwetu unajua watu wanavyoingiza jiko la mkaa ndani wakafunga dirisha wakalala moja kwa moja. Boti ni chumba cha upana wa mita mbili, ulisema ni futi 6 na inchi 10 kwa sababu zile loki za zamani, vile vyumba vya milango ya maji vya kupandishia na kushushia boti, zina futi 7 tu. Alamu ya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya jiko, huko ni lazima toka 2019, na boti inakaguliwa usalama kila miaka minne, vizuri, lakini mkaguzi wa miaka minne hatokuwepo usiku wako. Weka mbili. Na matundu ya hewa usizibe hata upate baridi vipi, niahidi hilo.

Sijamaliza. Umeandika huna sehemu maalum ya kuegesha, utakuwa unatembea. Sheria yao ya 1995 ndo inataka usikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, na hao Canal & River Trust, shirika lililochukua usimamizi wa mifereji 2012, wanaandika namba za boti wakipita. Tena toka 2024 wasio na egesho wanalipa leseni kwa nyongeza. Sasa boti itahama, hospitali yako haihami. Usiku wa Desemba unatembea kandokando ya mfereji peke yako hadi kituo cha basi, na wiki mbili baadae kituo kingine. Umelifikiria? Labda umelifikiria, wewe ni mtu mzima na unaamka usiku kuokoa watu. Mimi ni mama tu niko mbali, naruhusiwa kuuliza mara mbili.

Na kwenye zile loki ukiwa unashuka, kaa mbele mbali na lile jiwe la nyuma, tezi isije ikanasa maji yakishuka. Nimeona vidio ya boti imenasa hivyo ikazama dakika chache. Sikulala vizuri.

Ujue lakini kuna kitu kimenigusa. Ulivyonieleza kwamba zamani familia nzima za wabeba makaa ziliishi kwenye kijichumba cha nyuma cha futi kama 10, farasi anavuta kandoni, watoto wanazaliwa humo, mpaka baridi ya 1962 na 1963 mifereji ilipoganda wiki nyingi na biashara yao ikafa. Nimewafikiria wale kina mama. Wanapika humo, wananyonyesha humo, wanashika usukani na mtoto mgongoni. Sasa kama wao waliweza na watoto sita, nani mimi nikwambie huwezi? Naona nimejibishana mwenyewe hapa.

Mjomba wako anasema nikukataze, dada yangu wa Muheza anasema nikupe baraka upesi kabla hujabadilisha uamuzi ukataka kitu kibaya zaidi. Mimi nimekataa kusema. Ninalo la kusema, lipo mdomoni limejaa, lakini mara ya mwisho nilipotoa hukumu juu ya chombo niliitoa mbele ya watu na ikakaa ndani ya nyumba miaka 19. Hii yako sitaisema.

Pesa ya kiwanja cha Sahare ni yako, babako aliiandika kwa jina lako, huna haja ya kuniomba ruhusa kama ulivyoomba. Ila nyongeza kidogo nitatuma mimi, ya saveya na kupandisha boti chelezo, hiyo tu, isiingie kwenye vigae.

Na siku ya ukaguzi nipigie simu ya vidio, hata nikiwa sokoni nitaacha kikapu. Usinielekezee kwenye jiko wala kwenye maua. Peleka simu chini kabisa, karibu na mkono wa huyo saveya, unyamaze, uniache nisikilize nyundo.

Mama yako