Cheche "baridi" ndani ya ukumbi: niendelee au nikatae?

SWALI: Mtaalam habari za kazi. Nina ukumbi wa harusi huku Mbagala, unachukua watu kama 250. Siku hizi kila kamati inataka mashine za cheche maharusi wakiingia, na wengine wanakuja na zile fataki za kuchomeka kwenye keki na chupa za shampeni. Jamaa anayekodisha mashine anasema ni cheche baridi haziunguzi, na kweli aliweka mkono nikaona kwa macho yangu. Dari nimefunika na vitambaa vya mapambo, nyuma ya steji nimebandika sponji ya kuzuia sauti maana majirani walishalalamika. Je niendelee? Na mtungi mmoja wa kuzimia moto unatosha?

JIBU: Nzuri dada yangu. Huyo jamaa hajakudanganya kuhusu mkono, ila amekuonyesha nusu ya biashara. Ile mashine inapasha moto chengachenga za madini, titaniamu na zirkoniamu, halafu inazirusha juu zikiwa zinawaka, na kila cheche ni ndogo mno kiasi kwamba ikigusa ngozi yako imeshapoa au haina joto la kutosha kukubabua. Sasa mwambie aweke mkono pale pale inapotokea cheche, mdomoni mwa mashine, uone kama atakubali. Zile za keki na chupa hazina hata huo ubaridi wa kujitetea, zinawaka kwa nyuzijoto zaidi ya 1,000 na mhudumu anapita nazo kaziinua juu ya kichwa, yaani anazisogeza darini kwa mkono wake mwenyewe.

Ila kiukweli wewe umeniuliza kuhusu mashine na mimi kilichonishtua ni hiyo sponji.

Kama ni ile ya vinundu kama trei ya mayai, au fundi alikukatia vipande vya sponji ya godoro (wengi wanafanya hivi, ni bei rahisi), basi hiyo karibu kwa hakika ni poliurethani. Inashika moto haraka kuliko mbao, inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka, na moshi wake ni mweusi mzito una kaboni monoksaidi na saianidi ndani yake, na huo moshi ndo unaua watu kabla moto haujawafikia. Mtu anavuta mara chache tu miguu inaisha nguvu, hata kama mlango anauona.

Nikupe kisa kimoja ambacho sisi wa kazi hii ya usalama wa moto tunakisoma mpaka leo. Februari 20, 2003, klabu ya The Station, mji wa West Warwick, jimbo la Rhode Island huko Marekani. Bendi ya Great White imeanza wimbo wa kwanza, meneja wao akawasha fataki nne za kurusha cheche, aina ya kurusha kama mita nne na nusu kwa sekunde 15. Muda mfupi tu. Ukuta wa steji ulikuwa umebandikwa sponji, na unajua kwa nini ilibandikwa? Majirani walilalamika kelele, kama wako. Cheche zikashika sponji pande mbili za steji, na kulikuwa na mpiga picha wa televisheni ndani (alikuja kurekodi habari ya usalama wa kumbi, amini usiamini) kwa hiyo tunajua sekunde kwa sekunde kilichotokea. Mwanzoni watu bado wanacheza, wanadhani ni sehemu ya shoo. Kama nusu dakika bendi inaacha kupiga. Kengele inalia. Watu wanaanza kutoka wala siyo kwa fujo, wanatembea, wengi wao wakielekea mlango wa mbele ule walioingilia japo kulikuwa na milango mingine, na kabla dakika mbili hazijaisha pale mlangoni watu wameangukiana, wamepandana kama magunia, hakuna anayetoka wala anayevutwa. Walikufa watu 100. Wataalamu wa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, walijenga steji kama ile wakaichoma, wakakuta ndani ya sekunde 90 hivi hewa ya pale haimfai binadamu tena, na walipoweka vinyunyizio vya maji vya darini moto ukadhibitiwa. Klabu ile haikuwa navyo.

Sekunde 90 dada, MC wako hajamaliza hata kuwatambulisha wazazi wa upande mmoja.

Na usidhani watu walijifunza. Januari 27, 2013 klabu ya Kiss, Santa Maria nchini Brazil, bendi iliwasha fataki ya kutumia nje kwa sababu ya ndani ni ghali, sponji ya darini ikashika, watu 242. Pale mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, na mabaunsa mwanzoni waliwazuia watu wakidhani wanakimbia bili. Mwaka mpya wa 2026 kule Crans-Montana, Uswisi, baa ya chini ya ardhi, na hapo hapakuwa na bendi wala mashine yoyote, ni fataki za kuchomeka kwenye chupa za shampeni tu, zimeinuliwa karibu na dari. Watu wasiopungua 40. Ndo hizo hizo unazoniuliza.

Kwa hiyo jibu langu: hizo za chupa na keki zikatae zote, andika kabisa kwenye mkataba, maana kamati zinazificha kwenye mikoba. Zipo za taa za betri, kwenye video zinatoka poa tu. Mashine ya cheche nayo ikatae mpaka sponji imebanduliwa na vitambaa vya darini juu ya njia ya maharusi vimeshuka. Baada ya hapo mwite mkaguzi wa Zimamoto aje aone kwa macho, halafu ndo tuongee.

Unataka kujua sponji yako ni ya aina gani? Kata kipande kama kidole gumba, toka nacho nje kabisa, kibane na koleo, washa kiberiti chini yake halafu ondoa kiberiti. Kama kinaendelea kuwaka na kudondosha, umepata jibu. Kama kimezima usishangilie, hicho ni kipande kidogo na moto ni kidogo, bado mdai muuzaji karatasi ya vipimo vya moto. Hana? Bandua.

Mtungi mmoja hautoshi kwa watu 250, na kuna jambo ambalo wakodishaji hawasemi: yale madini ya kwenye mashine yakiwaka hayamwagiwi maji wala mtungi wa kabonidayoksaidi, yanafukiwa na mchanga mkavu. Kwa hiyo ndoo ya mchanga lazima ikae pembeni ya mashine, na jamaa mwenyewe asimame hapo hapo, asiende kula pilau. Pia uliza kuhusu mashine ya moshi. Mafundi wengi wakiona moshi wa mapambo unaliza kengele za moto wanazima kengele, alafu wanasahau kuwasha, unabaki na ukumbi hauna pua.

Milango sasa. Niliwahi kukagua ukumbi mmoja, mwenyewe ananionyesha kwa fahari kibao cha kijani cha mlango wa dharura, nasukuma mlango hautoki. Nje wamepanga kreti za soda na kufuli juu, ufunguo anao mlinzi, mlinzi kaenda kununua chipsi. Tukamsubiri robo saa. Wewe kabla ya kila shughuli zunguka mwenyewe usukume kila mlango kwa mkono, ufunguke kwa nje bila ufunguo. DJ naye apewe amri moja: akiona moto asitafute mwenye ukumbi, akate muziki, awashe taa zote, MC aseme wazi tokeni na aelekeze mlango wa nyuma, kwa sababu watu wataenda walikoingilia. Mtu mwingine anapiga 114, namba ya Zimamoto, muda huo huo.

Kuhusu majirani na kelele, ipo pamba ya mawe, haiwaki, inafungwa nyuma ya fremu na kitambaa kilichotibiwa kisishike moto. Ni ghali kuliko sponji, sikufichi. Anza na ukuta wa steji tu. Na hiyo sponji ukishaibandua tafadhali usiwaachie vijana waichomee nyuma ya ukumbi kama takataka, moshi wake ni ule ule.