Maswali na majibu: Multituli ya nyumbani, na bledi mnazozisahau

Tangu niandike habari za kukata fremu za milango kwa ajili ya vigae, maswali ya multituli, ile mashine ndogo ya mkononi inayokata kwa bledi inayotetema, yamejaa kwenye simu. Nimechagua yenye faida kwa wengi. Yale ya "fundi, nitajie mashine bora" bila kusema kazi gani, mbao gani na umeme upi, nimeyaweka kando. Siwezi kumchagulia mtu kifaa cha kazi nisiyoijua, na hilo nimeshalisema.

Shikamoo fundi. Tunaweka vigae juu ya sakafu ya zamani. Milango mitatu haitafunguka tena, na fremu zinazuia vigae kuingia pembeni. Fundi wa vigae anataka kukata kwa grenda, mwanangu anasema tununue multituli. Nimsikilize nani? (Mama wa Chumbageni)

Marahaba mama. Msikilize mwanao.

Kwa fremu, multituli haina mpinzani. Chukua kipande cha kigae kilekile mnachoweka, kilaze sakafuni ubavuni mwa fremu, chini yake weka kipande cha boksi chenye unene wa gundi. Lalisha bledi juu ya kigae, ibaki bapa kabisa, kisha ingiza taratibu kwenye mguu wa fremu. Kigae ndicho kinachokuongoza, huna haja ya kupima. Ukimaliza, chokonoa kipande kilichokatika kwa bisibisi, na kigae kinateleza chini ya fremu. Hakuna kuchonga kigae kufuata umbo la mbao, hakuna pengo la kuziba kwa saruji nyeupe.

Milango yenyewe usiikate kwa multituli. Ing'oe kwenye bawaba, ilaze juu ya meza, seremala apitishe randa au msumeno wa duara. Multituli kwenye mkato mrefu hivyo inayumba, na bledi inaungua kabla hujafika katikati.

Kama kuna mlango unaokwama ubavuni na si chini, subiri masika yapite kwanza. Mbao huvimba kwa upana, kwa urefu haibadiliki sana. Ukiuchonga sasa, kiangazi utapitisha mwanga na mbu.

Sasa hiyo grenda. Naona karakana nyingi hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Pongwe, watu wanafunga diski yenye meno ya msumeno kwenye grenda, wanatoa na kinga ili diski ienee. Grenda ndogo inazunguka mara elfu kumi na zaidi kwa dakika. Ilitengenezwa kwa kusaga na kukata chuma kwa jiwe. Meno yakinasa kwenye kifundo cha mti au msumari, mashine yote inaruka nyuma, na nyuma ndiko ulipo uso, shingo na paja lako. Sina subira na fundi anayesema amezoea. Mama, akija na grenda ya namna hiyo, mwambie aiache nje ya nyumba yako.

Wati ngapi zinatosha kwa kazi za nyumbani? (Nguvumali)

Mia tatu. Cha kutazama zaidi ni mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza ni digrii: bledi ya multituli haizunguki, inatetema kushoto na kulia kwa digrii tatu hivi. Yenye 2.8 ni tulivu mkononi lakini inakata polepole, yenye 3.2 na kuendelea inakata haraka zaidi. La pili ni kitufe cha kupunguza mwendo. Mashine yenye mwendo mmoja tu, ule wa mitetemo 20,000 kwa dakika, itakuunguzia plastiki na kukuyeyushia rangi wakati wa kupiga msasa. Usiinunue.

Asalaam aleikum. Nimenunua multituli na bledi iliyokuja nayo imekwisha kwenye fremu moja tu. Ina maana nimeuziwa mashine mbovu? (Makorora)

Waaleikum salaam. Mashine yako inawezekana ni nzima kabisa. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu ili lisirudi.

Bledi zinazokuja ndani ya boksi nyingi ni za chuma cha kawaida, kwa mbao laini isiyo na msumari. Wewe fremu yako ni ya nini? Kama ni mninga au mvule, hiyo bledi haikustahili kuguswa hapo. Kama ni mtiki wa shamba la miti la Longuza, basi ujue mtiki una chembe za silika ndani yake, ngumu kama mchanga, zinakula makali ya chuma. Na fremu ya zamani lazima ina misumari iliyozama ambayo huioni.

Kwa mbao ngumu na mbao yenye misumari, nunua bledi za metali mbili: mgongo wa chuma kinachopinda, meno ya chuma kigumu. Kwa skrubu nyeusi za jipsamu, boliti ngumu na misumari ya zege, hata hizo zitakufa, kwa sababu chuma chake kimekomazwa kwa moto kikawa kigumu mno. Hapo unahitaji meno ya kabaidi, ambayo ni magumu kuliko chuma. Ni ghali, na bado ni nafuu kuliko kununua nne za kawaida kwa kazi moja. Rahisi ghali, wazee wetu walishatuambia.

Kisha mkono. Itazame bledi yako kwenye mwanga. Kama ncha za meno zimegeuka bluu au zambarau na kwenye mkato mbao imekuwa nyeusi, uliikandamiza. Ukikandamiza, mtetemo unakufa, meno yanabaki yakisugua mahali pamoja, na joto linaondoa ugumu wa chuma. Meno yaliyogeuka bluu hayarudi. Acha mashine ifanye kazi: iguse tu, ivute nje kila baada ya muda unga umwagike, itikise kidogo upande hadi upande ili meno yote yasikate mbao kwa wakati mmoja. Sauti ikishuka, umezidisha mkono. Ukisikia harufu ya kuungua, umeshachelewa.

Ndiyo maana nawaambia kila mara: ukiwa na bajeti, tenga theluthi yake kwa bledi kabla hujaitazama mashine. Mtu mwenye mashine ya kawaida na bledi sahihi atamaliza fremu wakati mwenye mashine ya gharama na bledi ya boksi bado anatoa moshi.

Inakata nondo? (Duga)

Hapana. Nondo ni kazi ya grenda yenye jiwe la chuma, na kinga yake ikiwa mahali pake.

Nilinunua bledi dukani, nimefika nyumbani haziingii kwenye mashine. Muuzaji anasema zote ni saizi moja. (Barabara ya 12)

Si saizi moja. Kampuni za Bosch na Fein zilileta mshiko wa Starlock, yaani namna bledi inavyoshikwa na mashine, mwaka 2016, wenye kitovu kilichobonyea kama kibakuli cha nyota, nao una ngazi tatu: Starlock, StarlockPlus na StarlockMax. Mashine ya Max inapokea zote tatu, ya Starlock ya kawaida inapokea za kwake tu. Kisha kuna bledi bapa zenye matundu mengi au mkato wazi, zinazofungwa kwa skrubu, na hizo mashine za Starlock hazizikamati. Nenda dukani na mashine mkononi, ifunge bledi hapo hapo kaunta. Na kabla ya kununua mashine yoyote, uliza bledi za mshiko wake zinapatikana hapa Tanga au mpaka Kariakoo. Mashine za Ingco na Total zipo kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kupata bledi za mshiko wake hakutakusumbua sana. Mashine isiyo na bledi mjini kwako ni ya kuiangalia tu.

Rafiki yangu anasema multituli haikati ngozi, unaweza kuigusa ikiwa inafanya kazi. Kweli? (Kijana wa Mabawa)

Usijaribu. Najua habari hiyo ilikotoka. Msumeno wa kutetema ulianzia hospitalini, kwa kukata plasta ya mtu aliyevunjika mguu. Fein wa Ujerumani walitengeneza wa kwao mwaka 1967, na miaka mingi baadaye ndipo ulipogeuzwa kuwa kifaa cha mafundi. Msumeno wa plasta una meno madogo, na ngozi laini inacheza pamoja nayo badala ya kukatika. Hata huo ukikandamizwa unaunguza mgonjwa. Bledi ya mbao ina meno makubwa yaliyochongwa yang'ate. Kidole chako kina mfupa chini ya ngozi, na mfupa hauchezi.

Ni salama kuliko grenda, hilo nakubali: haiviringishi nguo, hairuki nyuma. Lakini vaa miwani, na ziba masikio ukifanya kazi chumba kidogo.

Kaka yangu aliyeko Marekani anataka kunitumia multituli nzuri. Itafanya kazi huku? (Raskazone)

Ya waya mwambie asilete. Umeme wa kwao ni volti 120, wetu ni 230. Ukiichomeka utasikia inalia kwa nguvu, kisha moshi. Ikiwa imeshafika, tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa wati 500 kwa mashine ya wati 300. Ya betri ni tofauti kidogo, tatizo ni chaja. Asome maandishi yaliyo nyuma yake: ikiandikwa 100–240V ni salama, ikiandikwa 120V peke yake, hapana. Mitumba ya Japani ni volti 100, mbaya zaidi. Aliye na ndugu Muscat au Mombasa hana shida hiyo.

Na kwa kuwa uko Raskazone: ukimaliza kazi, futa mashine, paka bledi mafuta kidogo ya cherehani, zifunge kwenye mfuko wa plastiki. Upepo wa bahari unakula bledi hata kabatini.

Betri au waya? (Wengi)

Kwa anayeitumia mara chache kwa mwaka, waya. Mnaniambia TANESCO wanakata umeme. Ni kweli, lakini mguu wa fremu unaweza kusubiri mpaka jioni. Betri haisubiri. Ikikaa kabatini miezi na miezi bila chaji inashuka chini ya kiwango, chaja inaikataa, nawe utanunua nyingine kwa bei inayokaribia mashine mpya. Joto letu linaizeesha haraka zaidi. Aliye na drili ya betri tayari na anaitumia, anunue mwili wa multituli wa kampuni ileile utakaotumia betri hizo. Huyo tu.

Grauti ya bafuni, ile saruji kati ya vigae, imekuwa nyeusi, nataka kuitoa niweke mpya. (Usagara)

Kazi hii multituli inaiweza vizuri. Tumia bledi ya nusu duara yenye chembe za kabaidi au almasi, nyembamba kuliko mstari wa grauti. Weka mwendo wa kati, anzia katikati ya mstari, pembeni malizia kwa mkono. Usifuate bledi kwa pupa, kwa sababu ukigusa ukingo wa kigae umekichubua na hakuna dawa. Vaa barakoa ya maana, si kitambaa. Vumbi la saruji na vigae lina silika, nayo inaharibu mapafu kimyakimya.

Nina mlango mmoja tu wa kurekebisha. Nichukue ya bei gani? (Mikanjuni)

Usinunue. Mwite seremala, mlipe vizuri.

Nyumba ya marehemu baba ina dari la asbesto. Nataka kutoboa matundu ya taa kwa multituli kwa kuwa haitoi vumbi sana. (Pangani)

Pole kwa msiba. Tafadhali usiliguse dari hilo, si kwa multituli, si kwa drili, si kwa msumari. Multituli inatoa vumbi jembamba mno, na nyuzi za asbesto zikiingia kwenye mapafu hazitoki. Ugonjwa wake unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, hata 40, watoto wako wakiwa watu wazima. Likiwa zima na limepakwa rangi, liache. Liking'olewa, ling'olewe na watu wenye mavazi na utaratibu wa kazi hiyo, mabamba yakiwa yamelowanishwa na bila kuvunjwavunjwa. Taa zifunge ukutani kwa sasa, waya upite nje kwenye mfereji wa plastiki.