Mwalimu akishafariki, nani atakujibu?

Ukitaka kuingia kwenye njia ya tafakuri ambayo mwalimu wake mkuu ameshafariki, watakaokukaribisha watakuambia kwamba mafundisho yamehifadhiwa vilevile, neno kwa neno. Nawaamini. Lakini njia inaweza kudorora hata maneno yakihifadhiwa, kwa hiyo wewe uliza jambo jingine: nikikwama, ninamwendea nani, na je, ana ruhusa ya kunijibu kwa maneno yake mwenyewe?

Mimi nimeketi kwa miaka mingi katika njia ya vipassana, tafakuri ya Kibuddha ya kuuchunguza mwili na akili kama vilivyo, iliyotoka Burma, nchi inayoitwa Myanmar siku hizi. Naipenda, na kwa sababu naipenda, nimefuatilia sana yaliyoipata kila mwalimu alipoondoka. Ni njia iliyobebwa na watu wenye familia na kazi za kila siku. Mtawa wa Kibuddha Ledi Sayadaw, aliyefariki 1923, ndiye aliyewahimiza watu wa kawaida watafakari, akampa mkulima, Saya Thetgyi, idhini ya kufundisha. Mwaka 1937 Thetgyi akamfundisha mtumishi wa serikali, U Ba Khin. Burma ilipopata uhuru Januari 1948, mtumishi yule akawa Mhasibu Mkuu wa nchi. Aliwafundisha wafanyakazi wake palepale ofisini, na mwaka 1952 akafungua kituo cha tafakuri mjini Yangon.

U Ba Khin alifundisha watu wachache kwa wakati mmoja na kumwelekeza kila mmoja kadiri alivyomwona. Mwaka 1955 alijiwa na mfanyabiashara kijana mzaliwa wa Mandalay, mwenye asili ya Kihindi, S. N. Goenka. Kijana yule aliteswa na kipandauso hadi akawa anachomwa sindano za mofini. U Ba Khin alimkatalia: kama umekuja kutibu kichwa tu, hapa sipo mahali pake. Goenka akaenda kutafakari upya nia yake, akarudi, akapokelewa. Kisa hiki hakinitoki akilini. Kanda ya sauti ya mwalimu haiwezi kumkatalia mtu kwa faida yake.

U Ba Khin alifariki Januari 1971, na wanafunzi wake hawakubaki chini ya mwamvuli mmoja. Mama Sayamagyi aliendeleza kazi Yangon, kisha akahamia Uingereza mwaka 1978. Ruth Denison alifundisha jangwani California kwa namna yake kabisa. Goenka alikuwa ameshaanza kufundisha India tangu 1969, na ndiye aliyeitawanya njia hii duniani. Kozi za siku kumi, bila ada, zikiendeshwa kwa michango ya waliokwisha kuzimaliza. Watu walipozidi, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuteua walimu wasaidizi, huku maelekezo na mawaidha ya jioni yakitoka kwenye sauti yake iliyorekodiwa. Alipofariki Mumbai mwaka 2013 kulikuwa na vituo zaidi ya 150, na kozi zinaendelea kwa sauti ileile mpaka leo.

Sasa, mtu atauliza, kudorora kuko wapi hapo? Kwa hesabu ya vituo, hakuonekani. Mimi nakuona kwingine: katika kuhofia kwamba jibu lolote jipya ni kuchafua urithi. Hofu hiyo inatokana na heshima, na heshima hiyo ninayo pia. Ila Thetgyi hakumrudia Ledi neno kwa neno, wala Goenka hakuwa nakala ya U Ba Khin.

Kikundi chetu kidogo kilinionyesha jambo hili kwa karibu. Tulikuwa tunaketi Jumapili sebuleni kwa mzee mmoja. Tukimaliza saa ya ukimya, mzee alileta chai, na hapo ndipo maswali yalipotoka: hasira za ndoa, msiba, usingizi uliopotea, mwili uliokufa ganzi. Mzee alipofariki tuliendelea kuketi, saa ileile, kanda ileile. Baada ya hapo kila mtu alichukua viatu vyake. Walioacha kuja mapema zaidi walikuwa wale waliokuwa na maswali mazito. Kilichotuinua ni dada mmoja aliyerudisha chai. Hakujiita mwalimu. Alisema tu, leo tubaki kidogo, nani ana neno?

Kwa hiyo, kama mnaye mzee anayewaongoza sasa, mwombeni angali hai awaachie wengine wawili watatu zamu ya kuongoza na kujibu, naye akiwa amekaa pembeni akisikiliza. Msingoje maziko.

Na wewe unayeanza: nenda kozi ya siku kumi ukiweza, ni zawadi kubwa. Lakini kama umewahi kuugua maradhi ya akili, au unatumia dawa zake, sema wazi kwenye fomu na uzungumze na daktari wako kwanza, maana siku kumi za ukimya ni nzito. Ukirudi nyumbani utaambiwa uketi kwa muda wa saa nzima asubuhi, na saa nzima jioni. Wengi hawafiki mbali peke yao. Tafuta hata mtu mmoja wa kuketi naye kila wiki, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba baada ya kuketi mtazungumza.