Jibu: Sehemu ya pili ya tamthilia ya Vera Stark

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba katika mazoezi ya By the Way, Meet Vera Stark, tamthilia ya Lynn Nottage ya mwaka 2011, watazamaji wenu wa majaribio hupotea pindi hadithi inapotoka Hollywood ya 1933 na kuingia katika mahojiano ya televisheni ya 1973, yanayojadiliwa na wasomi mwaka 2003.

Kabla ya kugusa taa au mavazi, kagueni ile karamu ya sehemu ya kwanza. Kundi letu lilipoisoma jukwaani, tuliigiza kama kichekesho kitupu, na watazamaji hawakuona kwamba Vera, mjakazi Mweusi anayetamani kuwa mwigizaji, na rafiki yake Lottie, wanaojigeuza papo hapo kuwa wanyonge wa Kusini mwa Marekani ili wamvutie mwongozaji, wanaweka heshima yao rehani kwa ajili ya kuigiza hata mtumwa. Tulipowaacha wanyamaze kitambo kabla ya kujigeuza, hamu ya wasomi kujua Vera aliishia wapi ikawa hamu ya ukumbi mzima.

Vilevile, kwa kuwa waigizaji walewale hurudi kama wasomi, kila mmoja abadilishe sauti na mwendo. Mwigizaji wa Vera namsihi asome habari za Theresa Harris, mwigizaji Mweusi wa Hollywood aliyemvutia Nottage kuandika, ambaye kipaji chake kikubwa kilibanwa katika nafasi za wajakazi.