Mangi, nitolee kopi ya huu umeme

Mleta mada, nimesoma uzi wako nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Unasema umefungua steshenari Ngarenaro, huu ni mwezi wa tatu, na wateja wanakuja na maswali yasiyo ya steshenari. Mama mmoja kataka umrudishie pesa aliyoituma namba siyo, mwingine kakuuliza kwa nini friji lake haligandishi. Sasa unauliza: uwafukuze, uwajibu bure au uweke bei?

Mimi niko Moshi, jirani na stendi, na mwaka huu ni wa kumi na mbili kwenye kazi hiyohiyo. Kabla ya hapo nilikaa intaneti kafe hapo kwenu Arusha, karibu na Mnara wa Saa, enzi mtandao unauzwa kwa dakika. Nitakujibu kwa yaliyonipata.

La mama wa pesa ni la haraka. Apige 100, huduma kwa wateja, kwa laini ileile aliyotumia, akiwa na meseji ya muamala mbele yake, na asingoje kesho. Wewe usiguse simu yake wala usijue namba yake ya siri. La friji mpeleke kwa fundi, yameisha. Yaliyobaki ndiyo yenye maneno.

Mwaka 2024, kipindi kile mita za LUKU, hizi za umeme wa kulipia kabla, zinaboreshwa, aliingia mzee mmoja wa Kibosho, koti la suti na kofia ya pama. Akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya kioo cha mashine ya kopi taratibu, kama mtu anayefungua hati ya kihamba, shamba la ukoo. Mistari mitatu ya namba, kila mstari tarakimu 20, mwandiko wa mjukuu kwa peni ya bluu.

"Mangi, nitolee kopi mbili za huu umeme. Moja yangu, nyingine ya mdogo wangu, nyumba zetu zimepakana."

Vijana wa foleni wakaangua kicheko. Na mimi nilitabasamu, sikatai. Nikamwambia, mzee wangu, tokeni, yaani hiyo namba ya umeme, ni ya mita moja tu, na ikishaingia mara moja haiingii tena. Akatikisa kichwa, akaiangalia karatasi yake, akaniuliza tena: "Na mbona safari hii ni tatu? Mita imezeeka?" Hapo vijana ndiyo wakashika mbavu kabisa.

Usiku nikashindwa kulala vizuri kwa swali lile, nikaingia kusoma. Kumbe mzee alikuwa amegusa penyewe. Kila tokeni hubeba muhuri wa dakika iliyotengenezwa, na dakika hizo huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuandikia hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, basi. Piga hesabu utafika tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya hapo ilikuwa inakataa tokeni mpya, na haikuwa Tanzania peke yake, ni popote duniani zilipo mita za namna hiyo. Ndiyo maana mteja alipata tokeni tatu: mbili za kuiweka mita sawa na ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Na muhuri huohuo ndio unaofanya tokeni ikataliwe ukiirudia kwenye mita ileile, kwa sababu mita inajua imeshapita. Swali la mzee lilikuwa na jibu, na sisi tuliocheka hatukuwa nalo.

Tangu siku ile nina desturi, na hii ichukue: mtu akija na swali la ajabu, usimwambie "eleza vizuri". Mwambie "nioneshe". Akieleza atakueleza anachodhani, akikuonesha utaona kilichopo. Mama mmoja wa Pasua alinijia amefura, serikali imemkatalia umeme wake na pesa imekwenda. Nikamwambia nioneshe simu. Namba aliyokuwa anabonyeza kwenye mita inaanza na 1974. Mama, huu si mwaka wako wa kuzaliwa? Alikuwa anaingiza namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa! Nayo ina tarakimu 20, sawasawa na tokeni, na mwanawe alikuwa amemtumia zote mbili asubuhi ileile. Ningemsikiliza tu, ningemwelekeza ofisi ya umeme akapange foleni mpaka jioni.

Mengine ni ya saa. Hili mnalijua ila dukani linakuja kwa sura nyingine. Mama kaingia saa tano na nusu asubuhi, mikungu miwili ya ndizi nje, tiketi ya basi la Dar iko kwenye simu. Anataka niichape upya na "nimrekebishie", maana stendi wamemwambia basi limeondoka ilhali limeandikwa sita. Ni kweli imeandikwa 06:00. Saa hizo basi limeshapita Korogwe. Nikamwambia mimi siwezi kubadilisha tiketi. Akanishangaa: "Wewe si ndiye mwenye kompyuta?" Siku hizi nikimchapia mtu tiketi nachukua peni, naandika pembeni: saa 12 alfajiri. Kazi ya sekunde tatu.

Halafu kuna kodi. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500, wapangaji walinijia wakiuliza kwa nini umeme umepungua. Sijawahi kuuza umeme hata uniti moja, lakini risiti nilikuwa nawachapia mimi. Wakati huohuo wengine wanakuja kudai "kodi" ya kuingilia imeili, ile namba inayotumwa kwenye simu. Kwa hiyo mtu akisema "mangi, nimekuja kwa ajili ya kodi", ilibidi niulize ni ya nyumba, ya jengo au ya simu. Mmoja alijibu, "Zote."

Sasa hiyo kodi ya simu ndiyo yenye aibu yangu, na ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie kirefu.

Nilipoanza, wanafunzi walikuwa wanakuja kuomba mikopo ya chuo na watu wengine kuomba ajira, na wengi hawana barua pepe. Mimi nawafungulia. Kwenye pale panapotaka namba ya simu, nilikuwa naweka laini yangu ya pili, kwa sababu mtu kaja bila simu, au simu haina chaji, au anatetemeka kwa haraka ya siku ya mwisho. Paswedi naandika kwenye kijidaftari. Nilijiona mwema. Kwa miaka mitatu hivi nilifungua za watu wengi kiasi kwamba niliacha kuhesabu.

Kikaja kipindi cha kusajili laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Laini yangu ya kwanza niliisajili, ile ya pili nikaona ya nini, haina hata salio. Ikafungwa. Kijidaftari nacho kilishalowa siku bomba lilipopasuka.

Miezi michache baadaye ndiyo wakaanza kuja. Binti wa Rau, nakumbuka alivaa sare za kazi ya hotelini, kaniambia: "Kaka, shikamoo. Nipe kodi iliyoingia kwenye simu yako." Nikamjibu, kwa ukali kidogo, mimi si ofisi ya barua pepe, kodi zake zitakuwaje kwangu? Akanigeuzia simu yake nisome. Pameandikwa kwamba ujumbe umetumwa kwenye namba inayoishia na tarakimu mbili zile. Za laini yangu. Cheti chake cha kuthibitishiwa udahili kilikuwa mle ndani. Tulihangaika siku mbili, hatukukipata kwa njia hiyo, ikabidi aende mwenyewe chuoni kukifuatilia, na nauli nilimpa mimi.

Kwa hiyo ukiona swali limepotea njia, kabla hujalalamika uliza: nani kamwelekeza kwako? Mara nyingine ni wewe mwenyewe, miaka minne nyuma. Siku hizi mtu asipokuwa na simu yake hapo, simfungulii kitu. Atachukia, atakwenda kwa jirani, sawa. Na akiwa nayo namfundisha kupiga *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii" nazo wananiletea waniulize kama namba ni yangu. Si yangu! Namwambia mtu aipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, asitume hata shilingi.

Wageni je? Duka langu lina neno Kilimanjaro kwenye jina, likaingia kwenye ramani ya Google, basi kila mwenye kutaka kupanda mlima ananiandikia mimi mwenye mashine ya kopi. Kuna aliyeuliza kama kileleni kuna soketi ya kuchajia. Kuna aliyetaka kujua akishuka Nairobi atembee dakika ngapi mpaka mlimani, maana picha zote alizoona zimepigwa Amboseli, upande wa Kenya. Nawajibu, Kiingereza changu cha sekondari kinatosha. Ila mwaka 2017 Mjerumani mmoja aliuliza kama ataweza kuongea na mkewe kwa video akiwa Horombo, kambi ya njiani kwenda kileleni. Nilimjibu kwa kejeli, kwamba kule juu kuna mawe na baridi, mtandao aache nyumbani. Agosti 2022 ikafungwa intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu. Nilimtafuta nimwombe radhi, ujumbe wake nilishaufuta.

Umeuliza bei. Mimi swali silitozi. Nikitoza swali, watu wataacha kuuliza na wataendelea kubonyeza NIDA kwenye mita. Natoza karatasi. Na jambo moja la kibiashara ambalo hujaliona bado kwa sababu ni mwezi wa tatu tu: yule mama wa ndizi, binti wa hoteli, wote hao kila wakitaka kopi hawaingii duka jingine. Muda utakula, hasa Januari shule zikifunguliwa, na siku hizo kuwa mkali kidogo, sema "rudi jioni". Mimi nasema hivyo bila haya.

Yule mzee wa Kibosho alirudi baada ya siku tatu, safari hii na mdogo wake, naye ana karatasi yake ya mistari mitatu. "Hii ni ya kwake, usiitolee kopi," akaniambia kabla sijafungua mdomo. Shida ni kwamba macho yao wote wawili hayaoni namba ndogo, wakifika katikati wanapotea mstari. Nikaziandika upya kwenye kompyuta kwa namba kubwa, nne nne, kila tokeni na karatasi yake, juu nikaweka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karatasi sita. Hiyo nilitoza, 200 kila moja, na mdogo mtu akalipa akiwa anazisoma kwa sauti.