Kabla ya kubofya kitufe cha kusasisha tovuti, hakikisha unajua njia ya kurudi

Wengi huogopa kusasisha tovuti, lakini hofu yao imeelekezwa pasipo. Toleo jipya la WordPress, Joomla au Drupal, yaani mifumo ya kuendeshea tovuti, ni nadra kuangusha tovuti lenyewe. Kinachoangusha ni plagini (programu ndogo ya nyongeza) iliyotelekezwa na aliyeitengeneza, mandhari (mafaili ya mwonekano wa tovuti) iliyochokonolewa na fundi aliyeondoka zamani, au toleo la kale la PHP, lugha ya programu ambayo mifumo hii imeandikwa kwayo. Na kinachogeuza hitilafu ya dakika kumi kuwa msiba wa siku tatu ni kutokuwa na pa kurudi.

Kuahirisha nako si usalama. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal ilitangaza pengo kubwa la usalama katika toleo lake la 7. Wiki mbili baadaye timu yake ya usalama ikawaambia wenye tovuti kwamba yeyote ambaye hakuliziba ndani ya saa 7 tangu tangazo aihesabu tovuti yake kuwa imeshavamiwa. Saa 7 tu. Aliyelala usiku huo aliamka amechelewa.

Mifano ya hapa ni ya WordPress. Kutoka toleo la 6.4.1 kwenda 6.4.2 ni kiraka, yaani sasisho dogo la kurekebisha kasoro, na viraka vya aina hiyo hujisakinisha vyenyewe tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013. Usivizime. Kutoka 6.4 kwenda 6.5 ni toleo kubwa, na hapo ndipo utaratibu ufuatao unapohusika.

Anza na nakala rudufu. Tovuti ina nusu mbili: mafaili na hifadhidata. Zote zichukuliwe kwa wakati mmoja, kwa sababu toleo jipya mara nyingi hubadilisha muundo wa majedwali, na badiliko hilo halijirudishi. Ukirudisha mafaili ya zamani juu ya hifadhidata iliyokwisha kubadilika, una mchanganyiko ambao hakuna aliyewahi kuujaribu. Kwa upande wa mafaili, cha lazima ni folda ya wp-content na faili la wp-config.php, lakini kubeba folda nzima hakugharimu kitu. Kwa hifadhidata:

mysqldump --single-transaction -u jina -p hifadhidata > kabla.sql

Kipengele cha --single-transaction hufanya nakala nzima iwe ya wakati mmoja hata kama wageni wanaendelea kuandika, mradi majedwali ni ya InnoDB, mojawapo ya aina za majedwali ya MySQL. Kisha fungua mwisho wa faili. Mstari wa mwisho usipoanza na "-- Dump completed", nakala imekatika njiani. Lihamishie kwenye kompyuta yako au seva nyingine, na usiliache kwenye folda ya tovuti: faili la .sql lililo wazi mtu yeyote anaweza kulipakua, pamoja na baruapepe zote za watumiaji wako.

Nakala ambayo haijawahi kurudishwa bado ni tumaini tu. Irudishe kwenye tovuti ya majaribio, kwa mfano jaribio.mfano.com, na hapo utakuwa umefanya kazi mbili kwa mpigo: umeipima nakala na umepata uwanja wa kujaribia. Ila usibadilishe anwani ndani ya faili la .sql kwa kihariri cha kawaida. WordPress huhifadhi mipangilio mingi pamoja na idadi ya herufi zake, "https://mfano.com" ina herufi 17, na "https://jaribio.mfano.com" ina 25. Ukibadilisha maneno ukaacha namba, mipangilio hiyo haisomeki tena, na vipande vya ukurasa vinapotea bila ujumbe wowote wa kosa. Tumia WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi, ambacho husahihisha na hesabu:

wp search-replace 'https://mfano.com' 'https://jaribio.mfano.com' --dry-run

Neno --dry-run huifanya amri ihesabu tu bila kubadilisha kitu. Ukiridhika na idadi inayoonyeshwa, irudie bila neno hilo. Tovuti ya majaribio ifungwe kwa nywila na izimwe utumaji wa baruapepe, la sivyo wateja halisi watapokea ujumbe wa oda za zamani.

Kabla ya kugusa lolote, endesha wp core verify-checksums. Amri hii inaonyesha mafaili ya msingi yaliyohaririwa kwa mkono. Yote yatafutwa na sasisho. Marekebisho yaliyofanywa ndani ya mandhari yenyewe nayo yatafutwa mandhari hiyo ikisasishwa, kwa hiyo yahamishie kwanza kwenye mandhari-mtoto, yaani folda ya pembeni inayoitegemea mandhari kuu lakini haiguswi ikisasishwa.

Mpangilio unaofaa kwa kawaida ni plagini kwanza, moja baada ya nyingine, kisha WordPress, kisha mandhari. Plagini zinazotunzwa vizuri huwa zimeshajiandaa kwa toleo jipya kabla halijatoka. PHP ipewe siku yake. WordPress 6.6 inadai angalau PHP 7.2.24, lakini kuruka hadi 8 kunavunja plagini kuukuu kwa sababu PHP 8.0 iliondoa kabisa amri kama create_function() na each(). Ukibadilisha WordPress na PHP mchana mmoja, hutajua kipi kimekukosea.

Majaribio yakipita, rudia hatua zilezile kwenye tovuti hai. Usihamishe hifadhidata ya majaribio kwenda hai! Oda na maoni yote yaliyoingia katikati yatafutika. Kwa sababu hiyohiyo, chukua nakala mpya dakika chache kabla ya kuanza; ya jana haitoshi kwa duka la mtandaoni.

Yanayokwama mara kwa mara yanajulikana. Diski ikijaa au seva ikikata kazi kabla haijaisha, sasisho husimama katikati na wageni huona tangazo la matengenezo. Angalia nafasi ya diski, kisha futa faili la .maintenance kwenye folda kuu. WordPress hulipuuza yenyewe baada ya dakika 10, lakini mafaili yanaweza kuwa nusu mapya, nusu ya zamani, hivyo sakinisha upya toleo hilohilo.

Ukurasa ukiwa mweupe au ukitoa kosa kubwa, tazama baruapepe ya msimamizi: tangu toleo la 5.2 WordPress hutuma kiungo cha kuingilia hali ya uokoaji. Ndiyo maana anwani hiyo ihakikishwe kabla, maana nyingi ni za mtu aliyekwisha acha kazi. Kiungo kisipofika, ingia kwenye mafaili ya seva kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili) ubadili jina la folda ya plagini unayoishuku. WordPress ikiikosa itaizima.

Baada ya hapo safisha kache zote (nakala za muda za kurasa), pamoja na ile ya PHP, kisha ijaribu tovuti kama mgeni: jaza fomu, tafuta kitu, nunua kitu, pakia picha. Kuona ukurasa wa mwanzo hakuthibitishi chochote. Katika wp-config.php, washa WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG, zinazoandika makosa kwenye faili, huku WP_DEBUG_DISPLAY ikiwa false ili wageni wasiyaone, na usome wp-content/debug.log kwa siku moja, kwa sababu kazi zilizopangwa kwa saa huharibika usiku, hakuna anayeangalia. Kisha uzime, ufute na faili lenyewe, kwani huwa linasomeka kutoka nje. Nakala ya kabla ya sasisho iweke wiki mbili hivi.